Isabel Alikuwa wa Upande Gani

Wambui mwanangu,

Nakuomba, kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango wa hicho chumba watakachokupa. Haya usimwambie mtu. Usimwambie baba yako, wala mke wake, wala Ciku rafiki yako, wala padri hata akikuuliza kwa upole. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu mke wa baba yako ni Mnaijeria na wadogo zako wa kule hawakujifunza. Baba yako anakisoma, kwa hiyo yeye ndiye utakayemficha zaidi. Wewe umenijibu kwa Kiingereza tangu ulipoanza kusema, lakini kusoma Kiswahili unajua, nilihakikisha. Soma polepole. Ukikwama kwenye neno, nipigie.

Mambo ya dawa ya pumu, ya nywele na ya saa ya kulala nimemwambia baba yako kwa simu na ameyasikia. Sitayarudia.

Umepita sebuleni mara mbili ukielekea jikoni, na mara ya pili umeniuliza kama nimekasirika. Sijakasirika. Sisikii kitu. Ni kama mdomo ukitoka kwa daktari wa meno: unajua ni wako, unajua upo, lakini hata ukiuuma hausemi. Nimekuwa hivyo wiki nzima. Nimekunja nguo zako na mikono ilifanya kazi yenyewe. Usidhani nilikuwa sijali.

Nitakueleza kilichotokea kazini, kwa sababu ndicho kinachokupeleka Houston, na mimi nilikwambia ni shule.

Unajua ofisi ya Bwana Lyle hapa Fort Worth inatafutia watu mababu zao. Ulipokuwa mdogo uliwaambia watoto wa majirani kwamba mama yako anafanya kazi na watu waliokufa. Jioni yake Mama Divine, yule jirani yetu Mrundi, akaja mlangoni akanong'ona, "Dada, ni mochari? Kama wanalipa vizuri niingize na mimi. Maboksi ya ghala yameshanivunja kiuno, na maiti angalau hawana haraka." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza kwamba wapo Wamarekani wanaotaka kuthibitisha kuwa babu yao aliishi mpakani enzi za ukoloni, kabla nchi hii haijajitawala, pale makazi ya Wazungu yalipoishia na nchi ya watu wengine ikaanza. Wakithibitisha, wanaingizwa kwenye chama cha wazao wa watu hao na wanapewa beji ya kuvaa kifuani. Mama Divine akafikiri. "Sisi tumekimbia mpakani," akasema, "wao wanalipa ili warudi."

Mimi ni karani. Napanga nani alimzaa nani, na ushahidi wa kila mmoja uko wapi. Babu wa mama yangu alikuwa skwota, kibarua asiye na ardhi, kwenye shamba la mlowezi wa Kizungu kule Ol Kalou. Kwetu, neno mlowezi ukilitamka mbele ya wazee, mazungumzo yanabadilika. Hapa nimeona watu wazima wakilia kwa furaha walipoambiwa wametokana na mmoja. Hilo sikuwahi kumwambia Bwana Lyle. Niliyapanga majina yao kwa uangalifu, kama ningeyapanga ya kwetu, na huenda ndipo nilipokosea.

Mwaka jana ikaja familia ya akina McCorrin. Wengi wao wako Houston. Mkubwa wao ni Bi Eudora, bibi wa miaka themanini na kitu anayeishi Stafford, kando ya Houston, mjane, mcheshi, anayeendesha gari mwenyewe mpaka huku ingawa wanawe wamemkataza. Alitaka jambo moja tu kabla hajafa. Alitaka kujua yeye ni wa Samuel yupi.

Katika bonde moja la mpakani, enzi hizo, waliishi binamu wawili na wote waliitwa Samuel McCorrin, umri wao karibu sawa. Mmoja alikuwa kapteni wa wanamgambo, akajenga ngome ya magogo, na jina lake limo katika vitabu vya historia ya huko. Wa pili alilima shamba la kukodi. Alichoacha nyuma ni kesi: alishtakiwa kwa kubadilisha alama ya sikio la nguruwe wa jirani ili aonekane wake. Bi Eudora ametoka kwa mmoja wao kupitia binti wa kwanza, aliyeitwa Isabel. Mama mzazi wa kapteni aliitwa Isabel. Mama mkwe wa yule wa nguruwe naye aliitwa Isabel. Bwana Lyle, ambaye aliuza bima maisha yake yote na kazi hii aliianza baada ya kustaafu, alihangaika na swali hilo kwa miezi, akalitupa mezani kwangu.

Sasa nikueleze kuhusu jina lako, maana bila hilo hutaona nilivyoanguka.

Mimi na baba yako hatukufunga ndoa, na wazee wa kwao hawakuwahi kufika kwetu. Kwetu Wakikuyu mtoto wa namna hiyo ni wa nyumba ya mama yake, na jina linatoka kwa mama. Ndiyo ukawa Wambui, jina la mama yangu, na ndiyo maana nikifurahi nakuita maitu, mama yangu. Ulikuwa na siku chache tu nyanya yako Wakio, mama wa baba yako, aliponipigia kutoka Voi.

"Mmempa jina gani?"

"Wambui, mama."

"Wambui ni nani?"

"Ni mama yangu mzazi."

"Na mimi nimeshakufa?"

"Hapana, mama."

"Basi nimekosa nini? Binti wa kwanza wa mwanangu! Pua ni yangu, nimeiona kwenye picha. Pua yangu inatembea Texas ikiitwa Wambui!"

Alikata simu. Hakuniongelesha mpaka ulipoanza kutembea. Na moyoni nilijua ana haki, kwa sababu ningekuwa nimeolewa kwao, ungekuwa Wakio. Mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama. Binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba, na anayefuata ndiye wa mama wa mama. Hakuna aliyenifundisha sheria hiyo. Nilizaliwa nayo kama nilivyozaliwa na vidole.

Nikawatazama akina McCorrin. Wana wa kwanza walibeba majina ya baba wa baba. Wa pili, ya baba wa mama. Nyumba baada ya nyumba, kizazi baada ya kizazi. Wambui, siwezi kukueleza furaha niliyoipata. Nilikuwa nimekaa nchi hii miaka kumi na tano nikiona kila kitu chao kimefungwa, na ghafla nikaona mlango ambao ufunguo wake ninao mfukoni. Wanawapa watoto majina kama sisi! Basi binti wa kwanza, Isabel, ni jina la mama wa baba. Mama wa baba aitwaye Isabel ni mama wa kapteni. Kwisha.

Najua, na hata wakati ule nilijua, kwamba desturi si ushahidi, ni dokezo. Lakini tangu siku hiyo kila nilichokiona nilikiona kikielekea kwa kapteni. Kilichoelekea kwingine nilikipa maelezo. Bwana Lyle aliniita mkombozi. Bi Eudora alinitumia maua. Familia ikaagiza jiwe la ukumbusho lenye jina la kapteni na chini yake majina ya wote waliotoka kwake mpaka Bi Eudora. Litazinduliwa Jumamosi hii, kwenye mkutano wa ukoo wao huko Houston. Wapo wanaokuja kwa ndege.

Mwanzoni mwa Julai Bi Eudora alipita ofisini na keki ya ndizi. Nilikuwa peke yangu. Alikaa, akavua viatu, akaniuliza habari zako. Nikamwambia unaitwa Wambui kwa jina la mama yangu.

"Eh, basi nyinyi ni kama sisi," akasema. "Mimi ni Eudora kwa sababu mama wa mama yangu alikuwa Eudora. Binti wa kwanza kwetu ni wa upande wa mama. Siku zote. Mama mkwe wangu hakunisamehe hilo mpaka tunamzika. Nilimwambia, 'Subiri wa pili, wa pili ni wako.' Wa pili akatoka mvulana!"

Alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilikata keki. Nilikata vipande vingi kuliko watu.

Alipoondoka nilirudi kwenye nyumba zote za akina McCorrin ambazo nyanya wote wawili wanajulikana. Unajua nilikuwa nimefanya nini? Nilikuwa nimewatazama wavulana tu. Wavulana walilingana na wetu nikafunga kazi. Sasa nikawatazama mabinti. Kila nyumba, binti wa kwanza alibeba jina la mama wa mama. Kila nyumba. Isabel si wa kapteni. Isabel ni mjukuu wa yule mama mkwe, na babu yake Bi Eudora ni mtu wa nguruwe.

Sikusema. Wiki ya kwanza nilijiambia nahakikisha. Wiki ya pili nilijiambia nasubiri Bwana Lyle arudi kutoka likizo. Wiki ya tatu nilimpigia baba yako kumuuliza kama nafasi ya wewe kukaa kwake, aliyowahi kuitaja, bado ipo. Nadhani sasa unaona. Karatasi zangu za kuishi hapa zinategemea ofisi ile. Bwana Lyle ndiye anayeniombea, na asiponiombea napewa muda mfupi niondoke. Wewe umezaliwa hapa, huna wa kukuondoa. Nilitaka litakaponikuta lolote uwe tayari una kitanda, shule na mtu wa kukusainia. Shule ya Missouri City, huko huko Houston, ni nzuri kweli. Hilo sikudanganya.

Lakini ndani ya gari Jumapili, tukitoka kanisani, uliniuliza, ukiangalia dirishani, "Mum, Dad ndiye ameniomba, au wewe ndiye umenitoa?"

Nikasema, "Ile shule ni nzuri."

Ukasema, "Sikuuliza shule."

Nikawasha redio. Mwanangu, kati ya yote niliyowahi kukufanyia, ile redio ndiyo inayonirudia. Jibu ni kwamba mimi ndiye niliyeomba. Yeye alikubali kabla sijamaliza sentensi. Yote mawili ni kweli, na ulistahili kuyapata siku ile.

Jumatano hii nilimwambia Bwana Lyle. Nilisimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi.

"Nina shaka kuhusu Isabel."

"Isabel yupi tena?"

"Wa akina McCorrin. Nafikiri tumempeleka kwa Samuel asiye wake."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nimpe. Kisha akasema, "Grace, jiwe limeshachongwa. Linapelekwa Houston Ijumaa. Unataka nimpigie yule bibi nimwambie babu yake ni mwizi wa nguruwe?"

"Hatujui kama aliiba. Alishtakiwa."

"Grace." Akavua miwani. "Nimeshawahi kukwambia kwamba wewe ni mtu muhimu sana hapa?"

"Ndiyo."

"Karatasi zako nazisaini Jumatatu. Nenda nyumbani upumzike, mtoto anasafiri."

Alisema kwa upole, na hata sasa sijui kama alikuwa ananitisha au ananijali. Labda hata yeye hajui. Nilimshukuru. Nikashuka ngazi, nikakaa ndani ya gari, joto likiwa la kuoka mkate, na nikasahau kuwasha kipoza hewa. Hapo ndipo ganzi ilipoingia vizuri.

Nimejiuliza kosa langu ni lipi hasa. Watu wengi hukosea kwa kutojua. Mimi nilikosea kwa kutouliza. Siku Bwana Lyle aliponiajiri aliniuliza kama nazielewa desturi za majina za watu hawa, nikaitikia kwa kichwa. Ulipozaliwa, muuguzi aliniuliza jambo mara mbili, sikulielewa mara zote mbili, nikaitikia kwa kichwa. Hadi leo sijui nilikubali nini. Kwenye mkutano wa kwanza wa mwalimu wako niliitikia kwa kichwa dakika zote. Niliona kuuliza ni kujionyesha mgeni, na mgeni anaweza kuambiwa arudi kwao. Kwa hiyo pale ambapo sikujua nilijaza kwa cha kwetu. Mara nyingi kilitosha. Hiki nilikijaza vizuri mno, kwa furaha mno, hata swali halikupata pa kuingilia. Ningemuuliza Bi Eudora mwaka jana, "Kwenu binti wa kwanza ni wa nani?" angenijibu huku akivua viatu.

Wewe huna woga huo. Unauliza mpaka unaudhi. Nimekukaripia kwa hilo mbele ya watu, na nilikuwa nakukaripia kwa woga wangu. Huko uendako uliza. Muulize mama wa kambo anapenda umwiteje, usikisie. Nyanya yako Wakio anakuja huko kwa baba yako Desemba. Akikuita Wakio, itika. Sitaona umenisaliti. Alingoja muda mrefu, na pua ni yake kweli.

Kesho ukishaondoka nitampigia Bi Eudora.

Usinione shujaa. Nimejaribu kunyamaza na nimeshindwa, kwa sababu moja ndogo ambayo ningeona aibu kumwambia Bwana Lyle. Kapteni hanisumbui. Ana vitabu vyake. Mtu wa nguruwe naye ana kesi yake, atajitetea. Ninayemfikiria ni yule mama mkwe. Hana kaburi linalojulikana, hana hadithi, hata jina la baba yake hatuna. Alichoachiwa duniani ni mjukuu mmoja aliyebeba jina lake, na mimi nilimchukua mjukuu huyo nikampa bibi mwingine ambaye hakuwa na haja naye. Jumamosi watapiga makofi juu ya jambo hilo. Kila nikifumba macho namsikia akiniuliza, kwa sauti ya Voi, amekosa nini.

Bi Eudora anaweza kucheka. Anaweza kulia, au kumpigia Bwana Lyle kabla sijakata simu. Nimeandika sentensi ya kwanza nitakayomwambia na nimeifuta mara nyingi. Sasa imebaki fupi: "Bi Eudora, nilikosea, na babu yako ni yule mwingine." Baada ya hapo sina maandishi. Sijui Jumatatu itakuwaje. Kesho asubuhi, baba yako akipiga honi, nitatabasamu na kukupa chapati za njiani, na wewe utafikiri niko sawa. Nitakuwa nimesimama tu. Natumaini utanikumbatia kwa nguvu hata kama sirudishi kwa nguvu. Nitakuwa nasikia baadaye.

Kuhusu kunipata. Namba ya ofisi usiipige tena, hata kama ndiyo uliyoikariri tangu darasa la kwanza. Simu yangu ya mkononi itabaki ileile mpaka nikuambie. Nisipopokea niko kazini, nikipata kazi, au nimelala. Piga tena, na mara ya tatu acha sauti yako, hata ukiwa huna la kusema. Nyumba hii nimeilipia mpaka mwisho wa Septemba. Baada ya hapo muulize Mama Divine, mlango wa pili kutoka ngazi, hapa hapa kwetu Haltom City. Amekubali kunipa kochi lake bila kuuliza sababu. Mama Divine akiwa zamu, mwachie ujumbe katibu wa parokia, yule mama mfupi wa misa ya Kiswahili. Mwambie ni kwa ajili ya Grace wa kwaya, hatauliza zaidi.

Nikirudishwa nyumbani nitakuwa kwa cucu yako, mama yangu, Ol Kalou. Piga jioni ya huku, kule ni asubuhi na mtandao haujazidiwa. Na kama siku moja utakuja mwenyewe, umekuwa mkubwa, teremka stendi ya Ol Kalou, usimwoneshe mtu picha yangu wala usiulizie Grace. Hakuna atakayemjua. Tangu siku uliyozaliwa, kule kwetu hilo si jina langu tena. Ulizia Mama Wambui. Watakuambia wako wengi. Sema yule wa Texas, na usiondoke hapo. Watamtuma mtoto aniite, nami nitakuja mbio.